Risasi ya bunduki ya nyumbani: kipimo ni ukuta wa jirani

Na Mwandishi Wetu, Shinyanga

USIKU wa Usukuma una kanuni yake ya zamani. Anayevamiwa hupiga mwano, yaani yowe la kuomba msaada, na kila alisikiaye hutoka kitandani na kukimbilia linakotoka. Kwa kanuni hiyo Sungusungu walijipanga katika vijiji vya Shinyanga na Kahama mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati wizi wa ng'ombe na unyang'anyi wa kutumia bunduki ulipoongezeka baada ya Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979. Silaha zao zilikuwa upinde, mishale na filimbi. Sheria ya mwaka 1989 ikawatambua rasmi.

Ngokolo si kijiji. Ni kata ya Manispaa ya Shinyanga, yenye soko, kanisa kuu la Jimbo Katoliki la Shinyanga na nyumba zilizokaribiana kiasi kwamba kikohozi cha jirani husikika. Hata hivyo, yowe likipigwa usiku watu bado hutoka. Kwa mkazi anayemiliki bunduki kihalali kwa ajili ya kulinda nyumba yake, jambo hilo moja linageuza swali zima la uchaguzi wa risasi. Watu wa kwanza kufika nje ya mlango wake baada ya yowe si majambazi wengine, bali ni majirani waliokuja kumwokoa. Risasi itakayopita mlangoni, dirishani au juu ya ukuta itakutana nao.

Makala haya yanaeleza namna ya kuchagua risasi za bunduki ya marisau, ile ambayo polisi na wauzaji huiita shotgun. Ndiyo bunduki inayofikiriwa kwanza na raia wengi wanaoomba leseni kwa ajili ya ulinzi wa mali. Wanaofikiria kuwa nayo katika ukanda huu wanajulikana kwa shughuli zao: mfanyabiashara wa mifugo, mnunuzi wa pamba, mwenye duka la jumla, na hasa mnunuzi wa dhahabu. Kabla ya masoko ya madini kuanzishwa, la Geita likifunguliwa Machi 2019, dhahabu na fedha nyingi zililala majumbani mwa watu. Masoko yalipunguza sababu hiyo lakini hayakuiondoa.

Geji ya bunduki na geji ya bati

Namba ya kwanza kuisoma kwenye boksi la risasi ni geji. Aliyewahi kununua mabati ataielewa upesi. Bati la geji 28 ni nene kuliko la geji 30, na la geji 32 ni jembamba kuliko yote mawili. Namba ikipanda, unene unashuka. Bunduki nayo ni hivyo hivyo. Mtutu wa geji 12 una upana wa takriban milimita 18.5, na wa geji 20 una milimita 15.6. Hesabu hiyo ni ya kale: geji 12 maana yake ni kwamba matufe 12 ya madini ya risasi yenye upana wa mtutu huo yana uzito wa ratili moja.

Hapa hakuna uchaguzi. Geji ni ile iliyochongwa kwenye mtutu na kuandikwa kwenye leseni. Lakini kuna hatari ambayo imewapasulia watu mitutu mikononi. Risasi ya geji 20 ikitumbukizwa kwa makosa katika bunduki ya geji 12, huteleza na kukwama mbele ya chemba. Mwenye bunduki akitazama huona chemba tupu, huweka risasi ya geji 12 nyuma yake na kufyatua. Ndiyo sababu watengenezaji wengi hutia maganda ya geji 20 rangi ya manjano. Nyumba yenye bunduki mbili za geji tofauti isichanganye maboksi yake.

Namba ya pili ni urefu wa ganda. Risasi za kawaida za siku hizi ni za milimita 70, na zipo za 76 zenye baruti na marisau zaidi. Bunduki nyingi za Kiingereza za miaka ya nyuma zilichongwa chemba ya milimita 65. Ganda refu huingia bila shida katika chemba fupi kwa kuwa mdomo wake umekunjwa. Shida huja linapofunguka wakati wa kufyatuka, likakosa nafasi na kuziba njia, na msukumo ndani ya mtutu ukapanda kupita kiasi. Kwa hiyo anayekabidhiwa kihalali bunduki ya marehemu baba yake asiinunulie risasi kabla fundi mwenye kibali hajaipima chemba. Kurithi mali si kurithi leseni. Silaha ya marehemu hutolewa taarifa polisi kwanza, na mrithi huomba leseni kwa jina lake.

Herufi na namba za marisau

Ndani ya ganda la plastiki mna fataki kitakoni, baruti juu yake, kizibo, kisha marisau. Ukubwa wa punje ndio kiini cha uchaguzi, na ndipo wanunuzi wengi wanapopotea, kwa kuwa mifumo miwili ya kuzitaja punje hizo hukutana kwenye rafu moja.

Mfumo wa Kiingereza huanza na herufi kwa punje kubwa. Marisau ya SG yana upana wa takriban milimita 8.4, na punje nane hutimiza gramu 28. SSG yana milimita 6.8, punje 15 kwa uzito huo huo. AAA yana milimita 5.2, punje 35. BB yana milimita 4.1, punje 70. Baada ya hapo huja namba: namba 4 ni punje 170 za milimita 3.1, na namba 6, anayoijua kila mwindaji wa kanga na kware, ni punje 270 za milimita 2.6.

Mfumo wa Marekani una namba zake. Sifuri mbili (00) ya Kimarekani inakaribia sana SG ya Kiingereza, na ganda la kawaida la milimita 70 hubeba punje tisa. Mtego uko kwenye namba 4. Katika orodha ya Kimarekani ya marisau makubwa, namba 4 ina upana wa milimita 6.1, karibu mara mbili ya namba 4 ya Kiingereza ya kuwindia ndege. Anayetaja namba tu dukani aweza kupewa kitu asichokikusudia. Asome upana wa punje kwa milimita ubavuni mwa boksi, maana milimita haina tafsiri mbili.

Ipo pia risasi ya donge moja, isiyo na marisau: kipande kimoja cha madini ya risasi, mara nyingi cha gramu 28, kinachotoka kwa kasi kubwa kuliko marisau. Wengine huitaka kwa sababu ya sifa zake porini. Kwa nyumba ya mjini haifai hata kidogo. Imekusudiwa mnyama mkubwa, na hupita mlango, dari na kuta nyepesi kadhaa ikiwa bado na nguvu ya kuua.

Dhana ya kwamba bunduki hii hailengwi

Mazungumzo ya vijiweni husema bunduki ya marisau haihitaji kulenga kwa sababu punje hutawanyika na kujaza chumba. Si kweli. Kwa mtutu usiobanwa mdomoni, kanuni ya makadirio ni kwamba marisau hutanuka takriban sentimita mbili na nusu kwa kila mita moja. Katika chumba cha mita nne, yote huingia mahali pa ukubwa wa kiganja. Uani, kwa mita 10, ni duara la sahani ya wali. Kwa mita 20 ni nusu mita au zaidi, na hapo baadhi ya punje humkosa hata mtu aliyelengwa vyema na kuendelea na safari.

Safari hiyo ni ndefu. Punje ya SG iliyorushwa juu kwa pembe yaweza kuanguka zaidi ya mita 600 kutoka ilipotoka, ya SSG zaidi ya mita 500, na ya namba 6 karibu mita 200. Kufyatua hewani ili kutisha, jambo linalosifiwa sana, ni kutupa punje hizo juu ya mabati ya watu usioweza kuwaona.

Tembea nyumba yako mchana

Kabla ya kununua boksi lolote, mwenye nyumba asimame mahali ambapo familia yake ingekusanyika usiku wa hatari, mara nyingi chumba cha ndani cha kulala, na atazame kuelekea mlango. Ajiulize kuna nini nyuma ya mlango huo, na nyuma ya ukuta unaofuata, na nyuma ya uzio.

Ukuta wa matofali imara ya saruji uliojengwa vizuri husimamisha marisau. Wa matofali ya kuchoma pia, ingawa vigae na vumbi vitaruka. Ukuta wa matofali mabichi hutegemea unene na umri; mvua za miaka mingi huula chini na nyufa huachia juu. Lakini hakuna nyumba iliyo ukuta mtupu. Mlango wa mbao hupitwa na kila aina ya marisau makubwa. Kioo si kizuizi. Dari la jipsamu au la ubao mwembamba hupitwa, na bati lenye unene usiofika nusu milimita halina la kusema.

Nyumba za kupanga ndizo zinazotisha kuliko zote. Zilizojengwa zamani nyingi hazina dari, na kuta za kugawa vyumba huishia kwenye mtambaapanya, usawa ambao paa huanza. Juu ya hapo nyumba nzima ni chumba kimoja. Anayelala chumba cha tatu husikia redio ya chumba cha kwanza kwa sababu hiyo, na kwa njia hiyo hiyo marisau yaliyopaa kidogo humfikia. Ukiongeza milango sita inayotazamana katika ukumbi mmoja, kila upande wa kulenga una mtoto wa mtu.

Mstari mmoja tu ndio unaotafutwa katika matembezi hayo: ule unaoishia kwenye ukuta imara usio na mtu nyuma yake. Nyumba nyingine inao mmoja, pengine kutoka kona ya chumba kuelekea mlango ulio mbele ya ukuta wa nje wa saruji. Kitanda huweza kuhamishwa ili mstari huo upatikane. Nyumba isiyo nao haitibiwi na risasi ya aina yoyote.

Uchaguzi wenyewe

Marisau ya ndege, yaani namba 4 za Kiingereza na ndogo zaidi, yana mvuto wake: hupoteza nguvu upesi, na baada ya kupita kizuizi cha kwanza hatari yake hupungua. Lakini kwa mita tatu hutoka kama bonge moja na kuua vilevile, na kwa umbali mkubwa kidogo huishia kwenye nguo na nyama ya juu. Anayeyachagua akidhani ni risasi ya huruma amekosea pande zote mbili.

SG na 00 hufanya kazi iliyokusudiwa, lakini kila punje ina uzito wa kutosha kupita mlango na kumdhuru aliye nje. Risasi za milimita 76 huongeza teke la kitako begani na mlio, na kufanya risasi ya pili ichelewe na kupotoka. Ndani ya chumba kilichofungwa hata ile ya kawaida yaweza kuharibu masikio kwa mlipuko mmoja.

Risasi za mpira ni suala jingine. Zilitengenezwa kwa ajili ya askari waliofunzwa kutawanya watu kwa umbali maalumu. Chumbani, kwa mita mbili au tatu, huweza kupofua na kuua, na aliyezipakia hujiona ana ruhusa ya kufyatua mapema kuliko ambavyo angefyatua risasi halisi.

Hukumu ya mwandishi ni hii. Kwa nyumba ya familia moja, yenye kuta za saruji au matofali ya kuchoma na mstari salama uliotajwa, achague SSG au punje zinazoikaribia kwa upana, katika ganda la milimita 70, uzito wa gramu 28, bila nguvu ya ziada. Punje zake zinatosha kwa umbali wa chumbani, na kila moja ina nguvu pungufu kuliko ya SG ikigonga kizuizi. Si risasi isiyopita kitu, maana hiyo haijatengenezwa. Kwa nyumba ya vyumba vya kupanga, asichague yoyote. Fedha ya bunduki inunue mlango wa mninga, komeo la ndani, taa ya uani inayowaka hata umeme unapokatika, na mbwa.

Baada ya kununua, boksi moja litumike kwa mazoezi katika uwanja unaoruhusiwa, kwa kubandika karatasi mita tano, 10 na 15 na kuhesabu matundu. Mitutu hutofautiana, hata ya kiwanda kimoja. Ile inayopeleka punje mbili au tatu nje ya karatasi kwa mita 10 ibadilishiwe aina ya risasi. Na aliyepiga mazoezi kwa risasi za kware asidhani ameshaijua SSG, kwa kuwa teke la bunduki na mahali pa kutua hubadilika.

Gobole halina nafasi katika makala haya, ila kwa onyo. Desturi ya kushindilia gobole kwa gololi na vipande vya nondo imewafanya baadhi ya watu wadhani hata ganda la kiwandani laweza kufunguliwa na kujazwa upya kwa vitu hivyo. Chuma kigumu hukwangua mtutu uliotengenezewa madini laini ya risasi, hukwama pale mtutu unapobanwa, na msukumo hurudi usoni kwa mfyatuaji.

Leseni, kabati na kiangazi

Umiliki wa silaha Tanzania unaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyofuta ile ya mwaka 1991. Ombi huanzia ngazi ya chini, hupita kamati za ulinzi na usalama na polisi, hadi kwa msajili. Risasi hununuliwa kwa leseni, kwa bunduki iliyotajwa humo. Leseni ni ya mtu, si ya nyumba. Mwenye duka anayemwachia mlinzi wake wa usiku bunduki yenye jina la bosi amewatia wote wawili hatiani.

Bunduki ikae tupu ndani ya kabati la chuma lililofungwa, na risasi zifungiwe mahali pengine. Wapo wanaouliza ina faida gani wakati wa uvamizi. Swali ni la haki, na jibu lake ni komeo la mlango: kazi ya komeo ni kumpa mtu dakika za kufungua kabati. Bila dakika hizo, bunduki chini ya godoro huokotwa kwanza na mtoto mchana au na jambazi usiku.

Kiangazi cha Shinyanga kina vumbi na joto kali chini ya bati, kwa hiyo risasi zisiwekwe darini wala juu ya kabati la nguo. Masika huleta unyevu unaotia kutu kitako cha shaba na kuvimbisha maganda ya zamani ya karatasi. Risasi iliyovimba, iliyobonyea au yenye kutu ya kijani isijaribiwe, ikabidhiwe polisi. Ikigoma kulipuka, mtutu ubaki umeelekezwa mahali salama kwa dakika nzima kabla ya kufungua, kwa kuwa baruti huweza kuchelewa kushika moto.

Mahali sheria inapoishia

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, katika kifungu cha 18 na vifungu 18A hadi 18C, inampa kila mtu haki ya kujitetea, kumtetea mwingine na kutetea mali yake. Kifungu cha 18C kinakubali kwamba haki hiyo yaweza kufikia hata kusababisha kifo, pale mtu anapoamini kwa nia njema na kwa sababu za msingi kuwa kitendo chake ni cha lazima, kwa mfano katika uvunjaji wa nyumba au unyang'anyi. Lakini kifungu cha 18B kinaweka mpaka: nguvu itumike kwa kiasi kinachohitajika tu, na anayeua kwa kuzidisha nguvu hiyo ana hatia ya kuua bila kukusudia.

Mwizi anayekimbia na redio, akiwa amegeuza mgongo na yuko mita 20 kwenye kichochoro, hayumo ndani ya maelezo hayo. Wala kivuli dirishani ambacho hakijamulikwa. Kijana wa nyumba hii hurudi usiku kutoka kutazama mpira akazunguka dirishani ili asimwamshe baba. Tochi huwashwa kwanza, jina huitwa kwanza, na kidole hubaki nje ya kifyatuo hadi uso uonekane.

Ikiwa risasi imefyatuka, polisi wapigiwe simu namba 112 na majirani waliokuja kwa yowe waambiwe kwa sauti wasimame walipo hadi bunduki iwekwe chini ikiwa tupu. Majeruhi apelekwe hospitali hata kama ni jambazi, na polisi watoe fomu namba 3, yaani PF3, kwa ajili ya matibabu yake. Maganda yaachwe pale pale yalipoangukia, na ukuta uliopigwa usisafishwe, mpaka wapelelezi wamalize kupima.